Kipimo Kikishuka, Tumwambie Mungu Nini?

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo, kuanzia Kilosa mjini hadi Mikumi barabarani, shukrani ina nafasi yake. Baada ya Injili kusomwa na kutafakariwa, kiongozi huuliza kama kuna mwenye nia ya kumshukuru Mungu mbele ya wenzake. Husimama mzazi ambaye mtoto wake amefaulu. Husimama mkulima ambaye mahindi yake yamepona mafuriko. Husimama pia mgonjwa aliyerudi kliniki na majibu mazuri. Tunapiga makofi, tunaimba, na kila mtu anarudi kwake akiwa amefarijika.

Lakini yapo magonjwa ambayo majibu yake hayatulii. Mwezi huu kipimo kimepanda, mwezi ujao kimeshuka, mwezi wa tatu kimepanda tena kuliko inavyotakiwa. Mgonjwa wa namna hiyo akisimama leo kushukuru, mwezi ujao afanye nini? Akae kimya? Aseme kwamba Mungu amebadili nia? Au asije kabisa jumuiya mpaka namba irudi juu? Wapo wanaochagua hili la mwisho, na hapo mtu anakosa sala za wenzake wakati ule ule anaozihitaji zaidi.

Tunaandika makala hii kama waumini ambao ugonjwa huu uko kati yetu, tukiwamo wanaougua na wanaouguza. Swali letu ni moja. Mtu ambaye uhai wake unafuatiliwa kwa namba inayopanda na kushuka, aiweke wapi namba hiyo katika imani yake? Na sisi tulio pembeni yake tuiweke wapi?

Namba yenyewe ni nini

Kabla ya kusema neno la imani juu ya kitu, ni vizuri kukijua. Ndani ya damu mna chembe nyekundu zinazobeba hewa ya oksijeni, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na vipande vidogo sana vinavyoitwa chembe sahani. Kazi ya chembe sahani ni kuziba. Mtu akijikata na panga shambani, hizo ndizo hukimbilia penye jeraha, hushikana, na kuanza kuizuia damu isimwagike. Daktari Mwitaliano Giulio Bizzozero ndiye aliyeieleza kazi yao waziwazi katika miaka ya 1880.

Chembe sahani hutengenezwa katika uboho, yaani ndani ya mifupa, na huishi siku 7 hadi 10 tu. Kwa hiyo mwili unazitengeneza upya kila siku, usiku na mchana. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 150,000 na 450,000 katika mikrolita moja ya damu. Kwenye karatasi ya maabara huandikwa pembeni ya herufi PLT, na mara nyingi maelfu huachwa, hivyo 150 maana yake ni 150,000. Zikishuka chini ya 50,000, jeraha au upasuaji huwa jambo la hatari. Zikishuka chini ya 10,000, damu inaweza kutoka bila jeraha lolote: kwenye fizi, puani, tumboni, hata kwenye ubongo. Zikizidi mno nazo huleta shida, kwa kuwa damu inaweza kuganda ndani ya mishipa.

Wagonjwa tunaowafikiria hapa ni wale wenye lukemia sugu ya mieloidi, ambayo ni aina ya saratani ya damu inayokwenda polepole. Uboho hutengeneza chembe nyeupe kupita kiasi, na mara nyingi chembe sahani pia. Bandama huvimba, tumbo likajaa upande wa kushoto, mwili ukapungua, na jasho likatoka usiku. Kwetu tumbo la namna hiyo huzua maneno haraka. Husemwa kwamba mtu ametupiwa kitu, au ana deni la mizimu. Chanzo chake kinajulikana tangu zamani. Mwaka 1960 watafiti wa mji wa Philadelphia, Marekani, waliona kromosomu moja iliyopungua ndani ya chembe za damu za wagonjwa hawa. Mwaka 1973 Janet Rowley alieleza kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Badiliko hilo hutokea ndani ya uboho wa mtu huyo wakati wa maisha yake. Halikurithiwa kwa wazazi, haliambukizwi kwa kula naye chakula, wala halikutumwa na jirani.

Dawa inayoponya na kupunguza

Zamani ugonjwa huu ulimwacha mtu na miaka michache. Mwaka 2001 ilianza kutumika dawa ya imatinibu, ambayo ni kidonge cha kumeza kila siku. Katika utafiti mkubwa ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017, zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10 walioanza na dawa hiyo walikuwa hai baada ya miaka 10. Dawa ni ghali, na kwa bei yake ya dukani familia nyingi za hapa kwetu zisingeweza hata mwezi mmoja. Lakini kupitia mpango wa msaada wa kampuni ya Novartis na shirika la Max Foundation, wagonjwa wa Tanzania wamekuwa wakiipata bure katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Bure ni dawa. Safari ina gharama zake. Anayetoka Mikumi hupanda basi kwenye barabara kuu ya Iringa, akapita katikati ya hifadhi ambapo gari hupunguza mwendo kwa ajili ya wanyama, na ana karibu kilometa 300 mbele yake. Anayetoka Kilosa, tangu mwaka 2024, anaweza kupanda treni ya umeme, na hilo limewapunguzia wengi uchovu. Hata hivyo kuna nauli, chakula, mahali pa kulala, na siku za kazi zilizopotea. Na safari hiyo hairudiwi mara mbili au tatu tu. Kwa wagonjwa walio wengi, hii ni tiba ya miaka, na kwa wengine ni ya maisha.

Sasa tufike kwenye ugumu wenyewe. Dawa inayouzuia ugonjwa inaweza pia kuzipunguza chembe sahani, hasa miezi ya mwanzo. Madaktari wana utaratibu: zikishuka chini ya 50,000, dawa husimamishwa kwa muda, zikipanda kufika 75,000 au zaidi, dawa hurudishwa. Mgonjwa anaambiwa hivi: kidonge kinachokuokoa, kiache kwa muda, usije ukatokwa damu. Baada ya wiki kadhaa anaambiwa: anza tena.

Mtu asiyeelezwa vizuri hushika mambo kinyume. Akisimamishiwa dawa, anadhani amepona. Akirudishiwa, anadhani ugonjwa umerudi. Na akiwa ametoa shukrani katikati ya hayo mawili, anaona aibu mbele ya watu na mbele ya Mungu.

Tena namba hiyo husukumwa na mambo mengine. Malaria hushusha chembe sahani, na sisi tunaishi katika bonde lenye mbu. Maambukizi mengine nayo huzishusha. Wakati mwingine chembe hushikana ndani ya kichupa cha damu, na mashine ikazihesabu pungufu kuliko zilivyo mwilini. Ndiyo maana mtaalamu wa maabara huitazama damu kwa darubini au huomba sampuli nyingine. Mashine mbili katika hospitali mbili pia haziwezi kulingana kabisa. Kwa hiyo namba moja iliyoshuka inaweza kusababishwa na ugonjwa, au dawa, au mbu, au kichupa. Daktari mwenye busara hatoi hukumu kwa karatasi moja. Huziweka karatasi za miezi kadhaa pamoja, akamtazama na mgonjwa mwenyewe, ndipo akasema.

Kama daktari hawezi kuhukumu ugonjwa kwa karatasi moja, ni nani kati yetu atakayeihukumu imani ya mtu kwa karatasi hiyo hiyo?

Majibu mawili tunayoyasikia

Katika vijiji vyetu namba inaposhuka husikika majibu mawili. La kwanza husema: imani yako imepungua, au kuna dhambi iliyofichika, ndiyo maana kipimo kimeanguka. Jibu hili ni la zamani kuliko maabara. Rafiki zake Ayubu walilitoa kwa maneno marefu, na mwishoni mwa kitabu Mungu anawakemea wao, si Ayubu aliyelalamika. Tena tazama linavyokwenda kinyume na akili. Kama kushuka kwa chembe ni kushuka kwa imani, basi mtu aliyeumwa na mbu usiku wa Jumanne amepoteza imani bila kujua, na akimeza dawa ya malaria ameirudisha kwa vidonge. Imani ya namna hiyo haiko moyoni. Iko kwenye kichupa.

Hatari ya jibu hili haiishii kwenye maneno. Mgonjwa anayeambiwa kwamba imani ndiyo tiba yake yote huanza kuona kidonge kama ushahidi wa mashaka. Akakiacha. Nchi yetu ina kumbukumbu ya jambo linalofanana na hili. Mwaka 2011 misafara mirefu ya magari ilielekea Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, watu wakanywe kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Walikwenda watu wa dini mbalimbali, matajiri na maskini. Mzee huyo ameshafariki, na hatumhukumu. Lakini inajulikana kwamba baadhi ya wagonjwa waliacha dawa zao za kila siku wakiamini hawazihitaji tena, na kwamba wengine walitolewa vitandani hospitalini wakafia njiani. Wengi wao hawakukosa imani. Walifundishwa kuitenga imani na dawa, nao wakalipa.

Hapa tuseme wazi, kwa kuwa uhai wa mtu unategemea tofauti hii. Kusimamisha imatinibu kwa agizo la daktari, kwa sababu kipimo kimeshuka, ni sehemu ya matibabu. Kuiacha kwa uamuzi wa mtu mwenyewe, au kwa ushauri wa mhubiri, au kwa sababu amejisikia vizuri, ni kuufungulia ugonjwa mlango. Lukemia hii ikiachwa inaweza kugeuka kuwa kali, na ikifika hapo vidonge huweza kushindwa.

Jibu la pili husema: Mungu hahusiki na mambo haya, ni kemia tu, muulize daktari. Jibu hili lina heshima kwa sayansi, lakini linamwacha mgonjwa peke yake saa nane za usiku, anapoguswa na woga na daktari yuko mbali. Tena halilingani na Maandiko tunayoyasoma. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamweka tabibu na mtengeneza dawa ndani ya kazi ya Mungu mwenyewe, na anamtaka mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi yake. Mfalme Hezekia, katika Isaya sura ya 38, aliomba kwa machozi akaongezewa miaka 15. Na katika sura hiyo hiyo inatajwa dawa ya tini iliyowekwa juu ya jipu lake. Sala na dawa zimo katika habari moja, wala mwandishi haoni haja ya kuzitenganisha.

Kuhesabu kwa majivuno, kuhesabu kwa upendo

Tukikataa majibu hayo mawili, tunabaki na namba mkononi, nayo inataka mahali pake. Biblia inaweza kutusaidia, maana ina mengi ya kusema juu ya kuhesabu.

Mfalme Daudi aliamuru watu wake wahesabiwe. Yoabu alimzuia, naye hakusikia. Baadaye moyo ulimchoma, na taifa likapatwa na tauni. Wasomaji wengi wameuliza kosa lilikuwa wapi, kwa kuwa kuhesabu peke yake si dhambi. Kipo kitabu kizima kiitwacho Hesabu, na ndani yake Mungu mwenyewe anaagiza watu wahesabiwe. Tofauti inaonekana kwenye nia. Daudi alitaka kujua ukubwa wa nguvu zake, apate kuuegemea.

Upande mwingine yuko mchungaji wa Injili ya Luka, mwenye kondoo mia. Naye anahesabu. Asingehesabu asingejua kwamba wako tisini na tisa. Lakini anahesabu ili ajue ni yupi hayupo, aende akamtafute. Daudi na mchungaji wote wawili wana namba. Mmoja anaitumia kujiegemeza, mwingine kumwendea aliyepotea.

Wenyeji wa Kilosa wanaielewa tofauti hii bila mahubiri. Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulivunja tuta lake, ukaingia mjini, ukang'oa na reli, na maelfu ya watu wakalala kwenye mahema. Tangu hapo anayepima kina cha mto wakati wa masika anatafuta kujua ni nani anatakiwa kuhamishwa usiku huu. Maji yakipanda, hatuwaambii watu wa bondeni kwamba wamepungukiwa na thamani. Tunawabebea magodoro.

Namba ya chembe sahani inataka mahali hapo hapo. Inahesabiwa ili ijulikane nani anahitaji nini leo: nani asimamishe dawa, nani alazwe, nani aongezewe damu, nani apimwe malaria. Ikishatufanya tumwendee mtu, imemaliza kazi yake. Tukiifanya kuwa cheti cha baraka, tumeirudisha kwa Daudi. Na mgonjwa mwenyewe akiitegemea kama mwamba wa moyo wake, atapanda na kushuka nayo mpaka achoke, kwa maana kitu kinachoishi siku 10 hakiwezi kubeba tumaini la mtu.

Je, shukrani ya jana ilikuwa uongo?

Bado lile swali la mwanzo linangoja. Aliyeshukuru mwezi uliopita, na leo kipimo kimeshuka, je, alishuhudia uongo?

Tunasema hapana, kwa sharti moja: ashukuru kwa kile alichopewa, asitangaze kile ambacho hakijulikani bado. Anayesema, "Nashukuru, mwezi huu nimepata nguvu ya kulima na majibu yamekuwa mazuri," amesema kweli, na kweli hiyo haifutwi na mwezi ujao. Waisraeli jangwani waliokota mana ya siku moja. Aliyeshukuru Jumatatu hakuwa mwongo Jumanne kwa sababu sahani ilikuwa tupu asubuhi. Ilimpasa aende kuokota tena. Anayesema, "Nimepona kabisa, nimetupa dawa," amekwenda mbele ya alichopewa.

Kanisa lenyewe linatufundisha kutokuwa na haraka. Kule Lourdes, Ufaransa, ofisi ya madaktari wa kuchunguza habari za uponyaji ilianzishwa mwaka 1883. Maelfu ya watu wameleta habari zao. Baada ya uchunguzi wa miaka mingi, Kanisa limetambua miujiza ipatayo 70 hivi. Linataka uponyaji ulio kamili, uliodumu, na usioelezeka kwa tiba. Mungu hapungukiwi kitu kwa ukweli, na mgonjwa hulindwa nao. Kama Kanisa zima linaweza kungoja miaka kabla ya kutamka neno hilo, jumuiya yetu inaweza kungoja pia.

Tena tuikumbuke habari ya yule mama wa Injili ya Marko, aliyetokwa damu miaka 12. Hakuna mgonjwa wa Biblia aliye karibu zaidi na jambo letu. Alikuwa amekwenda kwa waganga wengi na mali yake ikaisha. Mwinjili hasemi kwamba katika miaka hiyo hakuwa na imani. Yesu hamlaumu kwa kuwaendea waganga, wala hamwulizi kwa nini alichelewa. Anamsimamisha mbele ya watu na kumwita binti, mtu wa familia, yeye ambaye damu yake ilikuwa imemtenga na wengine. Sisi hatuna uwezo wa kuikausha damu ya mtu kwa vazi letu. Lakini kumwita binti, ndugu, mtu wetu, kunawezekana leo, kipimo kikiwa 300,000 au 30,000.

Deni letu kwa mgonjwa wa muda mrefu

Huruma ya mwezi wa kwanza ni rahisi. Habari ikisikika, watu huja na sukari, mchele na sala. Mwaka wa tatu ndio unaoonyesha jumuiya ni ya namna gani. Mgonjwa huyo haonekani mgonjwa tena. Analima, anacheka, anakwenda kisimani. Lakini bado kila baada ya muda anatafuta nauli ya Dar es Salaam, na akiikosa mara mbili anakosa dawa. Mfuko wa jumuiya unaochangia nauli hiyo kidogo kidogo, kwa ratiba inayojulikana, unafanya kazi ya kitume sawa na mahubiri.

Yapo na mengine yasiyohitaji fedha nyingi. Mgonjwa alale ndani ya chandarua, na akipata homa apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo. Asipewe aspirini, diklofenaki wala dawa nyingine ya maumivu ya dukani bila daktari, kwa kuwa baadhi yake huzuia chembe sahani zisifanye kazi hata zile chache zilizopo. Asichomwe sindano ya msuli kabla hajamwambia mhudumu ugonjwa wake. Akiona madoa mekundu madogo kwenye ngozi, fizi zinatoka damu, choo kimekuwa cheusi, au kichwa kinauma kwa ghafla na kwa ukali, asingoje Jumapili ya maombi. Apelekwe hospitali, na maombi yaende naye ndani ya gari.

Kuna deni lingine la damu kwa damu. Chembe sahani zilizotolewa na mchangiaji hutunzwa siku 5 tu, zikitikiswa muda wote katika joto la nyuzi 20 hadi 24. Chembe nyekundu hutunzwa hadi siku 42. Kwa hiyo hakuna ghala la kuweka chembe sahani za mwaka mzima. Zilizopo hospitalini wiki hii zimetoka kwa watu waliojitolea wiki hii. Mpango wa Taifa wa Damu Salama humruhusu mwanaume mwenye afya kuchangia kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya miezi minne. Ni vema kuchangia wakati wa Kwaresima, lakini uboho wa mgonjwa haufuati kalenda ya liturujia. Sisi tunaopokea katika Ekaristi Damu iliyotolewa kwa ajili yetu, tuna sababu ya kujitokeza gari la Damu Salama linapofika, mwezi wowote.

Na Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa haikuwekwa kwa ajili ya saa ya kufa peke yake. Hali ikizidi kuwa mbaya, inaweza kutolewa tena. Mwenye ugonjwa unaokwenda na kurudi asione aibu kumwomba padre kwa mara nyingine. Kanisa limeujua ugonjwa wa namna hiyo tangu zamani, na limeuwekea nafasi.

Neno la mwisho kwa Mungu

Hatutaki kuandika kana kwamba mambo yote huishia vizuri. Wapo ambao dawa huwashinda baada ya miaka. Wapo ambao ugonjwa hugunduliwa umechelewa, kwa sababu familia ilizunguka kwa waganga wa tumbo. Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, nao ukabaki. Hatujui mwiba huo ulikuwa nini, na pengine ni vema, maana kila mgonjwa anaweza kuuona kuwa ni wake. Paulo aliendelea na kazi. Hakupewa afya aliyoiomba, na hakuachwa.

Basi kipimo kikishuka, tumwambie Mungu nini? Tumwambie kilivyo. Sehemu kubwa ya Zaburi ni maombolezo, na watunzi wake hawakungoja hali itengemae ndipo wasali. Mgonjwa na aseme: Bwana, zimeshuka hadi 42,000, dawa imesimamishwa, naogopa. Hiyo ni sala kamili, haina upungufu. Aiseme nyumbani, na akipenda aiseme jumuiya pia, katika nafasi ile ile ya shukrani. Tukiisikia, tusitafute dhambi wala tusiahidi muujiza. Tumwulize siku ya kliniki ni lini, nauli imefika kiasi gani, na nani atakwenda naye.